Fidia ya Vyura

Kazi yangu ni kuhukumu madimbwi. Nimejaribu kuieleza kwa maneno mazuri zaidi nikashindwa. Mtu anataka kujenga mtaa mzima wa nyumba kusini mwa Houston, na pale anapotaka kujenga pana ardhi oevu: bonde dogo lenye matete, maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, vyura na yangeyange. Sheria haimkatazi kulifukia. Inamwambia tu kwamba akiua hapa, afufue kwingine. Basi wapo watu wanaonunua malisho ya ng'ombe yaliyochoka, mwendo wa saa mbili kutoka hapo, wanaziba mitaro iliyokausha ardhi, wanaacha maji yarudi, wanapanda majani ya asili, kisha wanawauzia wauaji hisa za uhai huo mpya. Mahali hapo tunapaita benki. Nilipomweleza mjomba wangu kwa simu, alicheka mpaka akakohoa. "Benki ya matope," akasema. "Wazungu hawaishi vituko."

Mimi ndiye ninayetangulia kabla ya tingatinga. Nachomeka bendera ndogo za rangi ya waridi kuzunguka maji, nachimba udongo kuangalia rangi yake, naandika mimea iliyopo, kisha nasema dimbwi lina afya kiasi gani. Dimbwi lenye afya likiuawa, mjenzi ananunua hisa nyingi. Likiwa gonjwa, ananunua kidogo. Kwa hiyo wanaotulipa wanawapenda wagonjwa. Hakuna aliyewahi kuniambia nidanganye. Watu wa huku ni wastaarabu sana katika mambo hayo. Wanakuuliza tu, "Una uhakika?" na wanakuuliza tena, mpaka uhakika unakutoka wenyewe.

Mama alikuja kutoka Muheza binti yangu alipokuwa na miaka saba. Nilimwambia nimemkumbuka. Nilikuwa nimemkumbuka kweli, lakini nilichokihitaji ni mtu wa kukaa na mtoto. Mume wangu anafanya kazi Dallas, anakaa kwa dada yake Carrollton, na kuja kwetu Pearland ni mwisho wa wiki. Mimi nashinda kwenye matope. Nauli ya ndege ya mama ilikuwa nafuu kuliko ada ya kulea mtoto, na niliipiga hesabu hiyo mapema kabla ya kulia kwenye simu kwamba nyumba ni kubwa na ni tupu bila yeye.

Mwezi wa kwanza alikaa kwenye kochi. Alikuwa akimuuliza mjukuu wake, "Umeshiba, mama?" na mtoto anamjibu "I'm good" bila kuinua macho. Alikuwa akitazama dirishani, anaona nyasi zilizokatwa sawasawa na magari yaliyopoa. Siku moja nimerudi, sijavua hata buti, akaniambia:

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi leo ni siku ya arobaini. Jembe langu liko wapi?"

"Pumzika, mama. Umelima vya kutosha."

"Anayepumzika mchana kutwa ni mgonjwa. Sikiliza, mwanangu. Nisipopata mahali pa kushika jembe, utanikatia tiketi nirudi. Sitakaa nikasubiri kufa kwenye kochi la watu."

Kurudi wapi, hilo alilijua yeye na nililijua mimi. Nyumba yake ya Muheza ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Pa kurudi palikuwa chumba kimoja kwa mjomba, na mke wa mjomba alikuwa mtu wa kuhesabu vijiko. Hata hivyo mama hakuwa mtu wa vitisho. Akisema ataondoka, ataondoka.

Alijaribu kupanda mchicha mbele ya nyumba. Chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu kikaleta barua: mboga zisionekane kutoka barabarani. Akaung'oa, akaupika, tukala. Wiki iliyofuata akagundua kwamba nyuma ya uzio wetu, ubao mmoja ulikuwa umelegea, na ng'ambo ya ubao palikuwa na bonde.

Lilikuwa bonde zuri. Nitalisema hapa kwa sababu mahali nilipotakiwa kulisema sikulisema. Maji yalisimama humo tangu mvua za Desemba mpaka jua la Mei lilipoyanyonya, kisha yanarudi na dhoruba za kiangazi. Lilikuwa na matete pembezoni, ndago katikati, kereng'ende, konokono, na vyura waliopiga kelele kiasi kwamba jirani aliwahi kuuliza kama kuna dawa yao. Ng'ombe walilishwa hapo zamani, na mwenye shamba hakuna aliyemwona. Mama akatazama udongo, akaukamata, akaubinya, akaunusa. "Wa magimbi huu," akasema.

Mbegu alizipata kwa Wavietinamu, kwenye duka ambalo samaki wanauzwa wakiwa hai. Alichagua magimbi yenye macho, akayaweka gizani chini ya sinki mpaka yakachipua, akayapanda mistari minne ukingoni mwa maji. Akabadilika. Alianza kuimba jikoni. Alirudi na matope mpaka magotini, akaosha miguu kwenye bomba la uani huku akimtania mjukuu wake kwamba ana miguu ya soksi, myeupe chini, haijawahi kukanyaga kitu. Binti yangu akaanza kumfuata. Akajifunza kusema "konokono" na "chura" na "usinisukume".

Yalipokomaa, habari zikaenea, maana Watanzania wa Houston wana pua. Jumapili walikuja watu nisiowajua wakakaa sebuleni kwangu kula magimbi ya nazi. Mwanafunzi mmoja alikuwa akitoka Gulfton, anabadilisha basi mara mbili, na hapo tulipo basi halifiki, anamalizia kwa miguu juani. Wakamwita Mama Magimbi. Alilipenda jina hilo kuliko kuitwa kwa jina langu, nami nilikuwa na wivu kidogo na sikuuficha.

Nilijua kitu kimoja ambacho sikumwambia. Katika kazi yetu kuna orodha ya mimea wavamizi, ile iliyoletwa na watu ikasambaa na kusonga mimea ya asili kwenye maji. Gimbi limo katika orodha hiyo, karibu na juu. Kule benki tuna watu wa kulipulizia sumu. Nilikuwa nikirudi kutoka kulilaani kwa Kiingereza na kuketi mezani kulila kwa Kiswahili, na sikuona kinachogongana.

Kisha bonde likauzwa. Kampuni ya ujenzi ikataka kuongeza mtaa wetu, ofisi yetu ikapewa kazi ya kulipima, na bosi wangu akanipa mimi kwa sababu naishi karibu. Nilipaswa kusema kwamba bonde lile liko nyuma ya nyumba yangu na mama yangu analima humo. Sikusema. Nilijiambia kwamba nikiikataa kazi hiyo atapewa mwingine, na mwingine hatakuwa na huruma. Kila mtu mwenye kazi kama yangu ana sentensi hiyo mfukoni.

Siku ya kwanza nilikwenda peke yangu kuchomeka bendera. Mama alikuwa amesimama kwenye ubao uliolegea, jembe mkononi, ananitazama nikizunguka maji yake. Jioni, nikiwa nakula, akaketi mbele yangu akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu afike.

"Kumbe mthamini ni wewe!"

Hapa lazima nieleze. Alipowahi kuniuliza nafanya kazi gani, nilikuwa nimemjibu, "Nathamini madimbwi ili yalipwe fidia." Lilikuwa jibu la mtu aliyechoka. Neno langu la kazini ni refu na halina Kiswahili kizuri, nami nikachukua lililokuwa karibu. Lakini kwa mtu wa Muheza, fidia si neno la kuchezea. Barabara ilipokuja, wathamini walipita na rangi nyekundu, wakaweka alama ya X kwenye nyumba, wakahesabu miti shambani, kila mti na bei yake. Majirani waliposikia kwamba wathamini wamefika kijiji cha pili, walipanda miche ya michungwa usiku na mchana, mashamba yakajaa miche iliyobanana mpaka kuku hapiti. Mama alikataa. Alisema huo ni wizi. Wathamini walipofika kwake waliandika nyumba, wakatazama magimbi yake kando ya kijito, wakasema majani hayahesabiwi. Wale wa michungwa walijenga nyumba za bati jipya. Yeye alipata pesa iliyoishia kwenye kodi na dawa, na kila msiba wa kijijini alikaa kwenye mkeka mmoja na watu walionenepa kwa ujanja ambao yeye aliuona dhambi.

"Safari hii," aliniambia mezani siku ile, "tuna mtu wetu ndani."

Nilicheka. Mdomo ulikuwa umejaa ugali, mgongo uliniuma, na mtoto alikuwa akililia simu yangu.

"Fidia ipo lakini?" akauliza.

"Ipo, mama," nikasema. "Fidia lazima iwepo. Ni sheria."

Na kweli ilikuwepo. Sikusema uongo hata nusu. Kesho yake alfajiri nikaondoka kwenda kule benki, maana ulikuwa msimu wa kukagua mimea, na kwa miezi miwili nilikuwa nyumbani kulala tu. Niliona magoti ya mama yamevimba. Niliona mikono yake imepasuka. Nilimwambia apake mafuta.

Jirani yetu wa upande wa kulia ni nesi Mkenya, anafanya kazi kwenye hospitali kubwa za mjini. Siku moja alinisimamisha nikiingiza gari.

"Mum yako ako huko kwa matope kila siku, na hiyo goti yake imefura vile. Ananiambia ati serikali ita-m-compensate. Umemwambia ukweli wewe?"

"Nitamwambia wikendi."

"Weekend gani? Huyo ni mzazi, si deadline." Akaingia kwake, akafunga mlango.

Wikendi ilipita na nyingine ikapita. Nilikuwa na hoja nzuri kila mara: mume amekuja, wageni wamekuja, mama yuko katika furaha, kwa nini nimharibie. Nitasema wazi kwamba niliogopa tiketi. Nani angekaa na mtoto?

Siku ya ukaguzi wa pili, ule wa kutoa alama za afya, bosi wangu alikuja mwenyewe kutoka ofisini. Ni mzee wa Kitexas, mrefu, mpole, anayevua kofia mbele ya wanawake na kuomba kabla ya kula hata sandwichi. Tuliegesha upande wa barabara ya shamba, tukakatiza nyasini kwa miguu, tukafika kwenye bonde, na mimi nikasimama.

Mistari minne ilikuwa imekuwa bonde zima. Mama alikuwa ameyagawa machipukizi, akayapanda, yakazaa mengine, akayagawa tena. Majani makubwa yalifunika maji kutoka bendera mpaka bendera. Ndago ilikuwa imeng'olewa na kulundikwa pembeni. Na kwenye kila shina, kila moja, palikuwa na kitambaa chembamba kilichochanwa kutoka kanga na kufungwa fundo, ili mthamini asije akaruka hata moja. Nilizitambua kanga zile. Moja ilikuwa ile niliyobebwa nayo mgongoni.

Bosi alipiga mluzi wa taratibu. "Hili limekwisha kabisa," akasema. "Angalia uvamizi ulivyo."

Nilijua umri wa kila shina pale. Nilijua kwamba chini ya majani yale dimbwi bado lilikuwa zima, kwamba magimbi ya miezi miwili unayang'oa kwa mikono na vyura wako palepale. Ningeweza kusema hivyo kwa sentensi moja. Lakini sentensi ya pili ingekuwa: nimejuaje?

"Una uhakika alama zitakuwa za chini hivyo?" bosi akauliza, akiwa tayari ameanza kuandika.

"Nina uhakika," nikasema.

Kwa hiyo mama alikuwa amefanya kazi miezi miwili kwa magoti yale ili mjenzi alipe kidogo zaidi. Kufa kufaana, wahenga walisema, lakini hata wao sidhani waliwahi kumwona mtu anayechimbiwa kaburi na kusaidia kubeba udongo.

Bosi akainama, akashika kitambaa kimoja. "Na hivi ni nini?"

Nikaangalia. Kilikuwa kipande cha pindo, chenye herufi tatu za jina la kanga ambalo sasa halikusomeka.

"Trash," nikasema.

Ndipo nikamwona mama. Alikuwa amesimama ndani ya majani, si mbali, amevaa buti zangu za zamani. Alikuwa amevaa na gauni lake la kwenda kanisani, kwa sababu alijua leo wakubwa wanakuja kuhesabu, na mwenye shamba hasimami mbele ya wathamini na nguo za matope. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache. Neno nililosema alilijua vizuri, maana ndiye aliyetoa pipa la taka nje kila Jumanne, na neno hilo limeandikwa kwenye kifuniko.

Bosi akavua kofia. Akasalimu. Akanigeukia akaniomba, kwa upole wake wote, nimwambie huyu bibi kwamba si salama kuwa hapa, kama nazungumza lugha yake.

"Mama," nikasema, "tafadhali toka hapo kwenye maji. Nenda nyumbani."

Bosi alikuwa ameshika neno moja, lile ambalo karibu kila lugha inalo. "Mama?" akasema, akitabasamu. "Ni mama yako?"

Niliiona njia. Ilikuwa wazi na fupi, na kwenye Kiswahili ilikuwa ya kweli.

"Hapana," nikamjibu. "She is not my mother. Kwetu kila mwanamke mzima tunamwita mama. Ni heshima tu."

Akasema ni desturi nzuri sana. Akasema watoto wa siku hizi wa huku wangejifunza kitu.

Kwenye kila dirisha la hospitali, kwenye kila kaunta, mbele ya kila fomu tangu mama afike Marekani, alikuwa amesimama kando yangu akinisikia nikisema "she is my mother". Alikuwa ameizoea sentensi hiyo mpaka akawa anatikisa kichwa ikisemwa, kuithibitisha. Sasa aliisikia ikiwa na neno moja zaidi ndani yake. Kisha akainama, na lile goti lilivyokataa akalishika kwa mkono, akaanza kufungua vitambaa. Alifungua kimoja baada ya kingine, mstari kwa mstari, akivikusanya kwenye kiganja, na kiganja kilipojaa akamwendea bosi akamnyooshea. Bosi alitoa mfuko wa plastiki kwenye begi lake, akaufungua, akamshukuru kwa kusaidia kusafisha.

"Welcome," mama akasema.

Walifanya hivyo robo saa nzima, yeye na bosi, wakiokota. Mimi nilijifanya naandika.

Jioni nilimkuta jikoni, amekwisha kuoga, gauni la kanisani limefuliwa na kuanikwa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, haraka, kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Kwamba fidia haikuwa yake. Kwamba ardhi haikuwa yake. Kwamba fidia inapelekwa mbali, kwenye shamba la ng'ombe linalogeuzwa kuwa dimbwi, kwa ajili ya vyura na ndege, na kwamba magimbi kwa macho ya sheria si mazao, ni maradhi. Nilisema, Mungu anisamehe, "Wewe ndiwe uliyeliharibu lile bonde, mama. Imeandikwa." Sikusema kwamba mwandishi ni mimi.

Alikuwa akimenya viazi. Hakuacha.

"Na vyura wa hapa," akauliza, "nani amewaelekeza njia ya huko?"

Katika miaka yote ya kazi hiyo, na shahada mbili ukutani, hakuna aliyekuwa ameniuliza. Hawaendi, bila shaka. Wanafukiwa. Wale wa kule ni vyura wengine.

Swali hilo la vyura ndilo neno la mwisho la Kiswahili ambalo mama aliniambia mimi.

Asubuhi niliamka mapema nikamchemshia chai, nikaenda mlangoni kwake, nikapiga goti kidogo kama tulivyofunzwa.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa anatandika kitanda. "Hi," akasema.

Nilidhani ni mzaha. Nikarudia. Akanitazama bila chuki yoyote, namna unavyomtazama karani, akasema, "Good morning. How are you?" Maneno aliyafinyanga pole pole, kwa bidii. Kwa mjukuu wake alizungumza Kiswahili. Kwa nesi wa Kikenya alizungumza Kiswahili, wakicheka uzioni. Wageni wa Jumapili walipokuja aliwapikia ndizi, akawasimulia habari za Muheza mpaka wakashika mbavu, na nilipoingia sebuleni alinyamaza, akaniuliza, "You want food?" Akaanza kumwomba binti yangu amfundishe maneno mapya. Niliwasikia chumbani, mtoto akimrekebisha bibi yake matamshi, na bibi akirudia kama mwanafunzi mtiifu: thank you, excuse me, no problem. Alikuwa akijifunza kwa ajili yangu mimi tu.

Nilijaribu kufidia. Ndiyo, nalitumia neno hilohilo. Nilimnunulia sanduku kubwa la mbao, nikaliweka uani mahali pasipoonekana kutoka barabarani, nikalijaza udongo wa mifuko kutoka dukani, mweusi, laini, usio na mdudu hata mmoja. Nikamwita aje aone. Akalizunguka. Akachovya kidole, akakinusa, akakipangusa kwenye kanga.

"Very nice," akasema. "Thank you."

Hakupanda kitu. Tingatinga lilipokuja nyuma ya uzio, alivuta kiti akakaa uani akatazama siku mbili, mpaka bonde likawa tambarare, na usiku tukalala bila kelele. Jirani yule aliyeuliza dawa ya vyura alisema afadhali. Siku ya tatu mama alileta pasipoti yake mezani, akaiweka mbele ya sahani yangu.

"Ticket," akasema.

Niliikata. Uwanja wa ndege alimkumbatia mjukuu wake muda mrefu, akamnong'oneza mambo, na mtoto akalia kwa Kiswahili, "Bibi usiende, bibi usiende." Mume wangu alimpa mkono akamwambia shikamoo, akaitikiwa marahaba, mwanangu, Mungu akutunze. Mimi nikapiga magoti. Nilipiga kabisa, sakafuni, watu wakaburuta mabegi yao kunizunguka.

"Shikamoo, mama."

Aliniinua kwa kiwiko, kwa upole, kama unavyomsaidia mtu usiyemjua aliyeteleza. "It's okay," akasema. "It's okay, ma'am."

Nyumba mpya zimejengwa nyuma yetu na watu wamehamia, watu wema, mmoja ametuletea keki. Nimepandishwa cheo. Nampigia mama kila Jumapili, saa ambazo kwao ni jioni. Mjomba anapokea, nasikia redio, nasikia watu barazani, nasikia mama akimwambia mtu kwa sauti ileile ya zamani kwamba mboga haijaiva, asifunue. Kisha simu inabadilisha mkono.

"Shikamoo, mama," nasema.

"Fine," ananijibu mama yangu kutoka Muheza. "And you?"